Nadhiri Isiyoombwa

Kibokoni, Mombasa
3 Oktoba 2024

Mama mpendwa,

Shikamoo. Natumaini goti limetulia, na yule mbuzi wako mweusi ameacha kula nguo za watu kambani. Mimi sijambo. Nina mafua kidogo tu, kwa hiyo usiingiwe na wasiwasi Gunga akikueleza kwamba nilimwandikia kwenye karatasi badala ya kumsalimu kwa mdomo. Koo linakwaruza. Litapona.

Nakuandikia kukualika rasmi. Tamasha la kwaya litakuwa Jumapili ya tarehe 24 Novemba, na mwaka huu wenyeji ni sisi. Kwaya kumi na moja zitakuja, nyingine kutoka mbali kama Taveta. Kanisa letu ndilo litakalofunga tamasha, na tutafunga kwa wimbo alioutunga baba. Utakuwa mwaka wa kumi na mbili tangu tumzike, na mara ya kumi na mbili nauanzisha mimi mwenyewe, ile sehemu ya mwanzo ambapo sauti moja hupanda peke yake kabla wengine hawajaingia. Kiti chako ni cha mbele kabisa, kama kila mwaka.

Kazini Shimanzi mambo ni yale yale, malori na vumbi. Bado niko langoni naita nambari za malori.

Ningekupigia simu, ila jibu lako nalijua. Ile niliyokununulia najua iko kabatini chini ya leso, na najua utaniambia simu zinakupa kizunguzungu. Basi tuendelee kumtuma Gunga na nazi zake kati ya Kaloleni na soko la Marikiti. Ameniahidi kwamba hazisomi.

Mwanao akupendaye,
Mapenzi


Kaloleni
8 Oktoba 2024

Mwanangu Mapenzi,

Marahaba. Barua yako imefika ikinuka papa mkavu. Sijui Gunga aliiweka wapi, maana yeye anauza nazi. Na kuzisoma anazisoma, usidanganyike. Hii nimeibandika kwa uji wa muhogo, ukiikuta imefunguliwa unijulishe nimwendee kwake nimfokee mbele ya mkewe.

Mbuzi amekula gauni la Mama Dishon, lile la sare ya akina mama, upande mmoja wote. Tumelimaliza jambo hilo kwa maombi na kuku mmoja.

Nitakuja. Lini nimekosa? Nitafika Ijumaa ili goti lipumzike Jumamosi. Ukisimama kuanza wimbo ule, ni kama nimemwona baba yako Chirau amesimama, na kidevu chake amekiinua vile vile. Mwaka jana nililia mpaka Mama Dishon akanipa leso yake, na ile leso sijairudisha, usimwambie.

Mafua yafukize kwa majani ya mwarobaini. Jifunike shuka, vuta mvuke. Na usiwe unaacha madirisha wazi, huko kwenu Mji wa Kale nyumba zimebanana mno, jirani akikohoa nawe unakohoa.

Unaona mwandiko wangu unavyonyooka? Mwalimu wa ngumbaru angefufuka angenipa alama zote.

Mamako,
Tumu


Kibokoni
15 Oktoba 2024

Kwa dada yangu Mama Mapenzi,

Baada ya salamu nyingi na kukutakia afya, nakuarifu kwamba sisi huku tu wazima, alhamdulillahi, khofu ni juu yenu mlio mbali na macho yetu. Mimi ni Mwanakhamis binti Abdulghafur, mwenye nyumba anayokaa mwanao, huu mwaka wa tisa. Nadhani wanikumbuka. Siku ile uliyokuja na kikapu cha maembe tuliketi barazani alasiri nzima, ukanipa khabari za Kaloleni yote, wala hukunipa nafasi ya kutia neno. Nalicheka hata mbavu zikaniuma.

Dada, nakuandikia kukupa hongera. Mwanao ameweka nadhiri ya kutosema. Siku ya Jumatatu, mwisho wa mwezi uliopita, alirudi kutoka kazini mapema. Nikamuuliza, "Kulikoni, mwanangu?" Akashika mdomo, akatikisa kichwa, kisha akaelekeza kidole juu. Nikamwambia, "Kwa ajili ya Mola?" Akanitazama kitambo, machozi yakamlenga, akaitikia kwa kichwa. Basi nikamkumbuka Bibi Maryamu, alivyoweka nadhiri asiseme na mwanadamu, nami mwili ukanisisimka. Katika zama hizi, nani awezaye?

Tangu siku ile hajatia neno. Yuwaamka, yuwenda Shimanzi, yuwarudi, yuwapanda chumbani kwake. Mimi humpelekea kahawa ya tangawizi kali na tende, na majirani nimewaonya wasimsemeshe. Yule msichana wa kwaya, Cynthia, alipokuja kumtafuta nikamweleza. Alifurahi mno, akasema atawaarifu kanisani kwao.

Ila jambo moja lanitia shaka. Mwenye kuabudu huwa na uso mkunjufu, na mwanao analia. Namsikia, dari yangu ni sakafu yake. Huenda ndivyo ilivyo katika dini yenu, mimi sijui. Wewe u mama yake, utafahamu kuniliko mimi. Barua hii nampa Gunga mwenyewe hapa Marikiti, wala Mapenzi hajui kwamba nimekuandikia.

Nduguyo,
Mwanakhamis binti Abdulghafur


Kaloleni
19 Oktoba 2024

Mapenzi,

Nimepewa hongera. Nimeisoma barua ya Bi Mwanakhamis mara tatu, mara ya tatu nikakaa chini.

Wewe, uweke nadhiri ya kunyamaza? Wewe uliyefukuzwa darasa la nne kwa kuongea na ukuta, kwa sababu mwalimu alikuhamisha mbali na wenzako? Uliyenizungumzisha mpaka leba, mdogo wako anazaliwa nawe uko dirishani unauliza kama ni msichana? Mwanangu, nakujua. Ungeweka nadhiri ya kutokula, ningeamini. Ya kutembea kwa miguu mpaka Taveta, ningeamini pia.

Uliniambia una mafua. Mafua ya wiki tatu? Na ukilia usiku jirani akasikia, hayo pia ni mafua?

Sikukasirikii. Naogopa, ndiyo maana maneno yanakuwa makali. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Niandikie ukweli, hata ukiwa mbaya. Nikipata barua nyingine ya kuniuliza habari za mbuzi, nitapanda lori la Gunga juu ya nazi nije mwenyewe.

Mamako


Kibokoni
24 Oktoba 2024

Mama,

Nisamehe. Sikuweka nadhiri yoyote.

Sauti ilianza kukatika mwezi wa Mei. Unajua kazi yangu: kutwa nzima nimesimama langoni nikiita nambari za malori, na injini zinanguruma. Jioni naenda mazoezini nafundisha sauti nne. Nilidhani ni vumbi. Mwishoni mwa Septemba nilikwenda kwa daktari wa koo na masikio, akanionyesha picha kwenye kioo. Nyuzi za sauti zimeota vinundu viwili. Aliniamuru ninyamaze wiki sita, hata kunong'ona nisinong'one. Akasema nikitii, sauti ya kuongea itarudi. Ya kuimba kama zamani, hapana. Nikilazimisha kabla ya kupona naweza kubaki na mkwaruzo maisha yangu yote. Kazini wamenihamishia ndani ya godauni, nabandika lebo kwenye makasha.

Siku ile nilipomwelekezea Bi Mwanakhamis kidole juu, nilitaka kumwambia nakwenda chumbani kuchukua kalamu nimwandikie. Akaniuliza kama ni kwa ajili ya Mola. Mama, swali lile lilikuwa zuri kuliko jibu langu. Nikaitikia. Nilisema nitamweleza kesho yake. Kesho yake Cynthia alikuwa ameshaambiwa, na Jumapili mchungaji akanitaja mimbarini, akasema kuna dada kati yetu aliyejinyima hata maneno akijiandaa kumwimbia Mungu. Watu walipiga makofi. Mimi nilikuwa natazama viatu vyangu.

Sasa wananipa vikaratasi. Wanavipitisha chini ya mlango: niombee mwanangu apate kazi, niombee mume wangu arudi nyumbani, niombee figo. Vimefika ishirini na vitatu. Nimevitia kwenye kopo la biskuti, na nikiliona lile kopo natamani sakafu inimeze.

Wiki sita zinakwisha tarehe 11. Tamasha ni tarehe 24. Nimeamua nitaimba. Mara moja tu, ule mwanzo wa wimbo, halafu liwalo na liwe. Nilimwahidi baba kaburini: kila mwaka, mimi mwenyewe, hadi nife. Siwezi kuvunja ahadi ya marehemu kwa sababu ya vinundu.

Mapenzi


Kaloleni
29 Oktoba 2024

Mwanangu,

Usiimbe.

Nilikuwepo siku ya maziko. Nilikuwa nimeshikwa mikono na akina mama wawili lakini akili ilikuwa yangu. Baba yako hakukuomba ahadi ile. Alikuwa amekufa. Alipokuwa hai alikuomba mambo mawili, uache kumjibu mwalimu, na uoshe sufuria zikiwa bado na moto. Yote mawili hukufanya na alikupenda hivyo hivyo.

Ahadi uliitoa mwenyewe, ukaipokea mwenyewe, na sasa unajidai mwenyewe. Mungu ukamweka awe shahidi bila kumuuliza.

Usiimbe. Mwambie Bi Mwanakhamis ukweli na uwaambie wenzako. Nakuombea asubuhi na jioni. Mbuzi hajambo.

Mamako,
Tumu


Kibokoni
2 Novemba 2024

Mama,

Kwa heshima yote ninayokuwekea, leo niache niseme.

Umeandika kana kwamba nilijitungia mzigo huu peke yangu. Siku ya tatu ya matanga, wageni wakiwa wameondoka, ulinishika uso kwa mikono miwili ukaniambia, "Ukiimba, namsikia Chirau." Mimi nilikuwa na miaka ishirini na tisa. Nililichukua neno lile na nimelibeba mpaka leo. Nimekataa kazi ya Nairobi kwa ajili ya kwaya. Nimeimba nikiwa na malaria. Kila mwaka natazama kiti cha mbele, nakuona unalia, najua kwamba kwa dakika zile nne umempata tena mumeo. Sasa unaniambia niache, kana kwamba ni jambo la kuacha kama sukari kwenye chai.

Tena nikuulize, nikiacha nitakuwa nani? Nina miaka arobaini na mmoja. Sina mume, sina mtoto. Ni karani wa lango asiyeweza kuita lori. Dada zangu wamekuletea wajukuu, mimi nimeleta sauti. Ndicho kitu pekee nilichokuwa nacho cha kumpa Mungu, na cha kukupa wewe. Nikisimama mbele yenu mikono mitupu, mtaniona kwa lipi?

Cynthia aliniomba sehemu ile miaka miwili iliyopita. Ana sauti nzuri. Nilimwambia wimbo ule ni wa familia. Nilimwona alivyoumia nikanyamaza. Nakuambia haya ili ujue kwamba si mtakatifu anayekuandikia.

Nitaimba, Mama. Njoo unisikie. Huenda ikawa mara ya mwisho.

Mapenzi


Kaloleni
8 Novemba 2024

Mapenzi mwanangu,

Siwezi kuja kukusikia. Mimi sisikii.

Nimeandika sentensi hiyo na kalamu imenitoka mkononi, basi subiri kidogo.

Lilianza sikio la kushoto, mwaka ule wa barakoa. Nilidhani ni watu ndio hawasemi vizuri, na vitambaa vyao mdomoni. Kisha la kulia. Sasa kengele ya kanisa naijua kwa kuona watu wanainuka. Simu uliyoninunulia nzima kabisa, mimi ndiye mbovu. Hukugundua kwa sababu ukija nyumbani nasema mimi tu, toka unavua viatu hadi unapanda gari kurudi. Anayesema hahitaji kusikia. Bi Mwanakhamis alicheka kwamba hakuweza kutia neno. Nilikuwa namwogopa, masikini, asije akaniuliza swali.

Miaka mitatu sijausikia wimbo wa baba yako. Nimeketi kiti cha mbele nikakutazama. Naona kidevu kinainuka, naona kwaya inafungua midomo, najua sasa wameingia. Na naona shingo yako, Mapenzi. Wanaosikia wanafumba macho, mimi nilikuwa nimeyafumbua. Mwaka jana mishipa ilisimama kama kamba iliyofunga ng'ombe mkali. Nilikuwa nalia kwa sababu hiyo. Nilimwona mwanangu anaumia mbele ya watu mia tano na watu wanafurahi.

Sikukwambia kwa kuwa nilijua unaimba kwa ajili yangu. Niliogopa nikikuambia sisikii, utaona umeimba bure. Basi wewe ukaimba kwa ajili ya mtu asiyesikia, nami nikalia kwa ajili ya mtu anayeumia, na kila mmoja alidhani anamfurahisha mwenziwe. Tumekuwa wajinga wawili wapendanao.

Lile neno la matanga nililisema. Nalikumbuka, na leo nakuomba msamaha. Lilikuwa neno la mjane wa siku tatu, ambaye angemsikia mumewe hata kwenye mlio wa mlango. Sikukusudia kukupa kazi ya maisha. Nilitaka tu kukushika uso.

Sasa sikiliza, wewe ambaye bado una masikio. Masikio yalipokufa nilikasirika na Mungu. Nilikuwa mwenyekiti wa akina mama, mwenye kuongoza maombi, nikawa naitikia Amina watu wakiwa kwenye matangazo ya vyoo. Nilijiambia, Tumu, wewe huna kazi tena hapa, nenda ukachunge mbuzi. Jumapili moja nilikwenda nikaketi nyuma nikamwambia, Bwana, Neno lako silisikii, nyimbo sizisikii, sina la kukuletea, nimekuja tu. Nikakaa. Hakuna kilichotokea, sikuona nuru wala nini. Ila nilijua sijafukuzwa. Nilitoka pale mwepesi, na tangu siku ile naenda kwa sababu ni kwa Baba yangu, basi.

Kristo hakuifia sauti yako. Alikufia wewe, na siku hiyo hukuwa umeimba hata nota moja. Unaniuliza nitakuona kwa lipi ukisimama mikono mitupu. Mwanangu, ulizaliwa mikono mitupu. Nilikuona.

Sitakuamuru tena. Fanya utakavyoona. Nitakuja Ijumaa ile ile, ukiimba nitakuwepo, usipoimba nitakuwepo.

Mamako,
Tumu


Kibokoni
16 Novemba 2024

Mama yangu,

Barua yako niliisomea pale pale Marikiti, nimeketi juu ya gunia la viazi la mtu, na mwenye gunia aliniona nalia akaniacha. Nilikuwa nakulaumu hupokei simu. Miaka mitatu. Nilikuja Krismasi zote hizo, nikala pilau yako, sikuona. Huenda na mimi nilikuwa nasema mno.

Usiku ule nilipiga magoti nikashindwa kuanza. Kuomba nimezoea kuomba kwa sauti, na mara nyingi kwa kuimba, na daktari alikuwa amekataza hata mnong'ono. Nikabaki hivyo hivyo, mdomo umefungwa. Nilikuwa nimezoea kumwendea Mungu na kitu mkononi, kama mtu anayekwenda ugenini. Mara hii sikuwa na kitu. Nilikaa hadi magoti yakafa ganzi. Sitasema nilipata amani kubwa, ila niliposimama nilikuwa nimeshajua kwamba sitaimba.

Asubuhi nilimshukia Bi Mwanakhamis na karatasi: "Sikuweka nadhiri. Ninaumwa koo. Nilikudanganya, nisamehe." Alisoma polepole, akavua miwani. Nilidhani atanifukuza. Akasema, "Wiki zote hizi wanywa kahawa yangu ya tangawizi kali na koo bovu, nawe waniangalia tu?" Akainyakua birika mezani kana kwamba ndiyo iliyokosa. Jioni aliniletea uji wa mchele uliopoa. Akaniambia nimeipa nyumba yake baraka ya uongo, na kwamba Mola atanisamehe haraka kuliko yeye, ila naye atajitahidi. Sasa ananisalimu kwa kunipungia mkono, ili nisijibu.

Jumanne nilikuwa na ruhusa ya kuongea dakika tano kwa siku. Dakika zangu nilizipeleka kwenye kwaya. Sauti yangu ni kama ya debe linaloburutwa, wakashtuka. Niliwaambia yote: vinundu, uongo, kopo la biskuti. Mchungaji alikuwepo. Akaomba lile kopo, akagawa vikaratasi kimoja kimoja mpaka kila mwanakwaya akapata chake, akasema basi tuwaombee hawa watu sote. Mimi kilinifikia cha figo. Ndicho ninachokiombea mpaka leo, kila siku.

Kisha nikamwita Cynthia nikampa karatasi ya baba, ile ya mwandiko wake. Nilimwomba radhi kwa miaka miwili. Alilia, mimi nikalia, dakika zangu zikaisha. Namfundisha kwa mkono: kiganja kifuani ni do, kidevuni ni so, juu ya kichwa ni do ya juu. Jana aliimba mwanzo wote bila kukosea. Mama, anaimba vizuri kuliko nilivyoimba mimi nikiwa na umri wake. Iliniuma. Nilikwenda uani nikajifanya natafuta viatu. Sijapona upande huo, na siwezi kukuficha tena jambo.

Sijalala vizuri tangu Mei, lakini nadhani nitalala. Daktari wangu anatibu masikio pia. Nimekuandikisha Jumatatu ya tarehe 25, na usiniambie habari za kizunguzungu.

Njoo. Mwaka huu viti vya mbele ni viwili.

Mwanao,
Mapenzi


Kaloleni
28 Novemba 2024

Mwanangu Mapenzi,

Nimefika salama. Gunga aliniweka mbele, akamhamishia mkewe nyuma kwenye magunia matupu, na yule mama hajanisamehe. Daktari wako ni kijana mpole. Habari ya kile kifaa cha kutia sikioni tutaizungumza, sijakataa, ila nimezoea ukimya na Mama Dishon sina hakika kama nataka kumsikia tena.

Lakini nakuandikia kwa jambo jingine. Jumapili, watu wakiinuka kutoka, ulinipa kikaratasi: "Wimbo ulikuwaje?" Sikukujibu kwa kuwa Cynthia alikuja akaniangukia shingoni, kisha akaja mchungaji, kisha Bi Mwanakhamis akatusubiri mlangoni mwake na sinia la mahamri, na jibu likapotea. Nakujibu sasa.

Cynthia alisimama peke yake, gauni jeupe. Ulikuwa umeketi kulia kwangu, umenishika mkono, unanipigia mapigo ya wimbo kwa kidole kwenye kiganja ili nijue wamefika wapi. Nilimwona anafungua mdomo. Shingo yake ilikuwa laini, hakuna mshipa. Ulipiga moja, mbili, tatu, nne. Ukapiga tena. Kisha kidole kikasimama.

Nilidhani unalia. Nikasubiri, maana mtu kulia kwa jambo kama lile ni haki yake. Kisha kichwa chako kikanilalia begani, kizito. Nikageuka. Ulikuwa umelala, Mapenzi. Umelala usingizi wa mtoto, mdomo wazi, mbele ya kwaya kumi na moja, katikati ya wimbo wa baba yako. Na ulikuwa unakoroma. Sikusikia, ila nilihisi begani.

Mama Dishon alinyoosha mkono akuamshe. Niliupiga kwa kipepeo changu cha kujipepea. Nilikaa sijitingishi mpaka goti likawaka moto, na nikawaza: huyu hajalala hivi tangu tumzike Chirau. Watu walisimama, walipiga makofi, wengine wakapunga vitambaa. Wewe hukufumbua jicho.

Basi umeniuliza wimbo ulikuwaje. Mwanangu, mimi sikuusikia, na wewe uliulala wote. Aliyeimbiwa alikuwa macho.

Mamako,
Tumu